Mapambo ya kichwa ya felti: tuyape hadhi ya sanaa hapa Uganda

BintiBombo (mwanzisha uzi) #1

Wadau, salaam aleikum, na amani kwenu nyote.

Naufungua uzi huu kwa ajili ya kazi ambayo Uganda bado haijaipa nafasi yake: kofia, taji na mapambo ya kichwa yanayotengenezwa kwa mkono, kwa sufu ya kondoo iliyokandwa mpaka ikashikana. Wengi tunaiita felti. Haifumwi wala haisukwi, na ikifanywa vizuri haina hata mshono mmoja. Unaanza na manyoya mepesi yanayopeperuka ukipumua karibu nayo. Unamaliza na kitu kinachosimama chenyewe juu ya kichwa cha mtu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili tujadiliane waziwazi. Pambo la felti ni uchongaji unaovaliwa. Fundi wake ahesabiwe pamoja na wachongaji na wachoraji, na kazi yake isirundikwe kwenye meza moja na vipini vya nywele na maua ya plastiki.

Tena hatuanzi sifuri. Baganda wana olubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambao nao haufumwi: gome la ndani linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka nyuzi zake zinalegea, zinatanuka na kushikana upya. Ukoo wa Ngonge ndio uliowatengenezea wafalme vizazi kwa vizazi, na UNESCO ikautangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kule Karamoja, wanaume walikuwa wakikuza nywele na kuzikandamiza pamoja na udongo hadi zikawa umbo gumu juu ya kichwa. Nasi Wanubi, babu zetu walitumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakiwa na tarbushi kichwani. Tarbushi yenyewe ni nini? Ni sufu iliyokandwa, ikatiwa rangi, ikavutwa juu ya kalibu ya umbo la kichwa. Basi felti imeshakaa kwenye vichwa vya watu wetu zaidi ya miaka mia, ila hatukuwa tunaitengeneza wenyewe.

Nitaeleza kazi inavyokwenda kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni, wanaofanya na wanaotaka kuanza.

Nakasero_Mitindo #2

Dada, nakubali ni kazi nzuri, lakini mimi nauza mavazi ya arusi na naongea kama mfanyabiashara. Wateja wangu wanataka fasineta, yale mapambo ya kubana upande mmoja wa kichwa, za sinamai, nyepesi, zinapitisha hewa, rangi yoyote unayotaka ipo. Nani atavaa sufu mwezi wa pili Kampala jua likiwaka? Na kule Munyonyo kwenye mbio za mbuzi, siku ambayo kila mtu anashindana kwa kofia, watu wanataka kitu kikubwa, manyoya yasimame juu. Felti si ya baridi?

BintiBombo #3

Swali zuri, dada yangu, na ndilo ninaloulizwa kuliko yote.

Kwanza sinamai. Inafumwa kwa nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba anayelimwa Ufilipino. Ni malighafi nzuri na siidharau. Lakini fasineta nyingi zinazouzwa mjini zinaletwa zikiwa zimeshakatwa na kukunjwa, fundi wa hapa anabandika ua tu. Hapo mkono wa Uganda uko wapi?

Pili joto. Sufu inaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa, na inapitisha hewa. Jasho halitulii kwenye paji la uso kama linavyotulia chini ya kitambaa cha nailoni. Kisha tusichanganye kofia na pambo. Kofia kamili inafunika kichwa chote, hiyo nawapelekea watu wa Kabale, Kapchorwa na Fort Portal, na wanaisubiri. Pambo la kichwa linakaa upande mmoja, pana kiasi cha kiganja, halifuniki chochote. Unalivaa Kampala saa nane mchana na hulisikii.

Kuhusu ukubwa, hapo ndipo felti inapoishinda sinamai. Sinamai ikiwa kubwa mara nyingi inataka waya ili isimame. Felti nzito iliyokandwa sawasawa unaivuta pembe, unaipinda, unaitoboa, unaiachia mawimbi, na ikikauka inabaki vile ulivyoiweka. Nimetengeneza taji lenye pembe za ng'ombe wa Ankole, pana kuliko mabega ya aliyelivaa, na ndani yake hakuna waya hata mmoja. Uzito wake haukufika gramu mia mbili.

Dada_Moroto #4

Nashukuru umetaja Karamoja, maana watu wa mjini wakituongelea wanaongelea ng'ombe na bunduki.

Niongeze kidogo. Lile umbo la nywele na udongo halikuwa pambo la kila mtu. Lilikuwa na daraja lake, kufuatana na rika na heshima ya mwanamume. Linasawazishwa, linapakwa rangi, kisha vinapachikwa vishikizi vidogo vya kuchomekea manyoya ya mbuni. Mwenyewe alilala na kiegemeo cha mbao chini ya shingo ili lisiharibike, na kigoda hichohicho ndicho alichokalia mchana. Siku hizi wazee wetu wengi wanavaa kofia ndogo za felti za dukani zenye ukingo mwembamba, lakini unyoya wa mbuni bado unachomekwa palepale. Kofia imebadilika, unyoya umebaki.

Ukifanya kazi yenye asili ya kwetu, tafadhali usiiite tu "ya Kiafrika". Itaje Karamoja.

BintiBombo #5

@Dada_Moroto nimekusikia na nitafanya hivyo, kwenye kadi inayoambatana na kazi na kinywani pia.

Mnaona jambo alilolieleza? Nywele za mtu, kama sufu, zina magamba madogo. Zikikandamizwa kwa muda mrefu zikiwa na unyevu, zinajifunga zenyewe. Wazee wa Karamoja walikuwa wanafanya kazi ya jamii moja na wafugaji wa Asia ya Kati, kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Kule milima ya Altai, Siberia, kwenye makaburi ya Pazyryk, barafu ilihifadhi vitu vya felti vya zaidi ya miaka 2,200: mapambo ya farasi, vifuniko vya kichwa, hata mabata maji ya felti yenye ujazo kamili, na leo viko jumba la Hermitage, St Petersburg. Wakirgizi bado wanatengeneza kofia yao nyeupe ya felti, ak-kalpak, nayo iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2019. Kwao kofia hiyo haitupwi chini wala haichezewi. Heshima ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta hapa.

Jjajja_Masaka #6

Binti, nimesoma yote kwa makini. Kazi yako naisifu, ila kuna jambo lazima niliseme. Nimeona picha uliyoweka ya lile pambo lenye olubugo, limevaliwa na bibi arusi. Sisi tunamvika olubugo maiti. Baba yangu alizikwa ndani ya embugo ambazo watu walizileta kumpa heshima ya mwisho. Leo nimwone msichana amejifunga kipande chake kichwani, anacheza muziki ukumbini? Moyo wangu unakataa. Vijana mnachukua vitu vyetu bila kuuliza vinatoka wapi.

BintiBombo #7

Jjajja, naomba nikujibu kwa adabu, na kama nitakosea unirekebishe.

Mimi si Muganda, kwa hiyo kabla sijagusa olubugo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee upande wa Mpigi, nikakaa naye nikimwangalia. Alinionyesha jinsi gome linavyovuliwa msimu wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na mti ukaota gome jipya. Mutuba mmoja unavunwa tena na tena kwa miaka mingi. Nilimuuliza hilihili unalolisema. Alinijibu kwamba olubugo unamzika mtu na unamtawaza mtu. Na ni kweli, Kabaka Ronald Muwenda Mutebi alipotawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, alivaa olubugo. Kabla wafanyabiashara Waarabu hawajaleta nguo za pamba katika karne ya kumi na tisa, watu waliamka nao, wakalala nao, wakaenda nao shambani.

Lakini maumivu yako nayaheshimu, na yamenifunza utaratibu ambao sasa naufuata. Mteja akitaka olubugo kwenye pambo la arusi, namwambia aulize wazee wa pande zote mbili kwanza. Wakikataa, naacha. Kwa maonyesho ya sanaa siulizi, kwa kuwa pale kazi inasimama na maelezo yake.

Jjajja_Masaka #8

Hapo umesema vizuri. Sijakubali bado, lakini umesema vizuri.

Kijana_Arua #9

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe jamani. Mimi niko Arua, nashona mikoba. Sufu napata wapi? Huku kondoo wapo tele, nimekata manyoya ya mmoja nikayasugua na sabuni mpaka mikono ikauma, hayashikani.

Kinangop_Sufu #10

Habari kutoka Kenya. Ndugu wa Arua, hayatashikana hata ukisugua mwaka mzima. Kondoo wa kienyeji wa Afrika Mashariki, yule mwenye mkia wa mafuta, ana nywele, hana sufu. Nywele zake ni ngumu, nyoofu, magamba yamelala. Hata dopa, ambaye wafugaji wengi wanampenda kwa nyama, manyoya yake ni mchanganyiko na hayana maana kwa kazi hii. Unataka kondoo wa aina ya korideli au merino, na chotara wao. Huku Kinangop, Molo na pande za Nanyuki bado tunao, japo wachache kuliko zamani, maana bei ya sufu ilishuka watu wakahamia maziwa na viazi.

Sufu ya merino ni laini sana, unene wake ni kama maikroni 18 hadi 23 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), inashikana haraka na haiwashi kwenye ngozi. Korideli ni nene zaidi, maikroni 25 hadi 31 hivi, inachukua muda lakini kofia yake inakuwa imara. Kwa kofia mimi ningekushauri korideli nje na merino pale inapogusa paji la uso.

Ukinunua sufu mbichi iliyokatwa kwa kondoo, ifue kwanza utoe mafuta. Maji ya moto na sabuni, iloweke tu, USIIKOROGE, la sivyo itashikana ndani ya beseni. Kisha uichane nyuzi zilale upande mmoja.

BintiBombo #11

@Kinangop_Sufu ubarikiwe, umenipunguzia maelezo.

@Kijana_Arua usisubiri sufu ya Kenya ndipo uanze. Nenda kwenye mitumba, huku tunasema mivumba, iwe Owino au soko lenu la Arua, utafute sweta za sufu tupu. Soma lebo: iandikwe sufu asilimia mia, na isiwe ile iliyotiwa dawa ya kuiruhusu kufuliwa kwa mashine, maana hiyo magamba yake yameshafunikwa na haishikani. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sweta ya kweli ukiichemsha na sabuni na kuikanda sana, inapungua na kuwa felti nene unayoweza kuikata kwa mkasi bila kuchambuka nyuzi. Mapambo mengi madogo nimeyapata kwa njia hiyo, na kwa mtu anayeshona mikoba tayari itakuwa rahisi.

Sasa felti ya maji kutoka mwanzo. Nitaeleza kofia isiyo na mshono, kwa sababu ukiiweza hiyo, taji na pambo vitakuja vyenyewe.

Siri iko kwenye kiolezo. Unakata umbo bapa, la plastiki nene au lile zulia jembamba la sponji, kisha unalifunika kwa sufu pande zote mbili. Plastiki inazuia tabaka la juu lisishikane na la chini, na baadaye ukikata tundu na kuitoa unabaki na mfuko usio na mshono. Ukubwa wa kiolezo ndipo wengi wanapopotea. Tengeneza kwanza kipande cha majaribio: panga sufu sentimita 20 kwa 20, ikande mpaka mwisho, pima. Ikibaki 12 kwa 12, imepungua asilimia 40. Tuseme kichwa kina mzunguko wa sentimita 57. Gawa 57 kwa 0.6, unapata 95. Kiolezo kina pande mbili, kwa hiyo upana wake ni nusu ya hiyo, kama 47 na nusu. Unaona ilivyo kubwa? Mtu anayekata kiolezo cha ukubwa wa kichwa anapata kofia ya mdoli.

Sufu unaipanga kwa vishungi vyembamba, tabaka la kwanza limelala, la pili limesimama, la tatu limelala tena. Vishungi vyembamba vingi ni bora kuliko vinene vichache. Penye unene usio sawa patatokea tundu upande mmoja na uvimbe upande wa pili. Kofia ya mtu mzima inakula kati ya gramu 70 na 100. Nyunyizia maji ya moto yenye sabuni kidogo. Sabuni ya mche iliyokwanguliwa inafaa, ila ya mafuta ya zeituni inaihurumia zaidi ngozi ya mikono. Funika kwa chandarua kikuukuu au kaveera, ubonyeze hewa itoke, ndipo uanze kusugua polepole. Narudia, polepole! Mwanzoni nyuzi ziko huru na ukitumia nguvu unazisogeza mahali pake. Baadaye bana juu kwa vidole viwili: nyuzi zikiinuka peke yake, endelea, ngozi nzima ikiinuka, imeshika.

Hapo unaviringisha. Mimi naviringishia kwenye mkeka, maana mistari ya ukindu inasugua vizuri, na mafundi wa Asia nao wanatumia mikeka ya matete. Viringisha upande mmoja, geuza robo, viringisha tena, geuza, maana felti inapungua kufuata upande unaoviringisha. Ikikaza kiolezo kinaanza kujikunja ndani, na hiyo ni ishara ya kukata tundu na kukitoa. Baada ya hapo ni kukanda kwa mikono, kuipiga kwenye beseni, maji ya moto, maji baridi, mpaka itoshe kalibu. Mwisho suuza sabuni yote itoke na umalizie na maji yenye siki kidogo, kwa sababu sabuni ikibaki inaila sufu.

Kwa nini inafanya hivyo? Kila unywele wa sufu una magamba yaliyopandana kama vigae vya paa, yote yakielekea ncha. Joto, maji na sabuni vinayafungua. Ukisugua, unywele unaweza kusogea upande wa shina tu, magamba yanauzuia kurudi. Maelfu yakisogea hivyo yanafungana, na kilichofungana hakifunguki tena. Ndiyo maana hakuna kurudi nyuma kwenye kazi hii, na ndiyo maana naipenda.

Fundi_Masese #12

Mimi ni seremala Jinja. Kalibu mnazitoa wapi? Naona kazi yangu hapa.

BintiBombo #13

Mkuu, tunakuhitaji sana! Za kuagiza ni ghali na zinakuja na maumbo ya watu wengine. Wengi wetu tunavuta felti juu ya bakuli au sufuria, na ndiyo sababu kofia zetu zote zinafanana. Kalibu inatakiwa iwe ya mbao laini inayokubali pini, isiyopasuka ikipata mvuke na maji kila siku. Musizi itafaa?

Fundi_Masese #14

Musizi itafaa, nyepesi na inachongeka, lakini ikaushwe vizuri kabla. Jakaranda pia. Mvule usiutumie, ni mgumu kwa pini na ni dhambi kuukata kwa kofia. Nitapaka vanishi ya maji mara kadhaa. Nipe vipimo vya kichwa, mbele hadi nyuma, na sikio hadi sikio kupitia juu.

MamaZainab_Kisenyi #15

Mimi najifunika. Pambo la namna hii naweza kuliweka juu ya hijabu bila pini kuitoboa? Na binti yangu nywele zake fupi kabisa, za shule, chanuo halishiki.

BintiBombo #16

Mama, vyote vinawezekana. Kwa hijabu nashonea chini ya pambo kipande cha felti ya sweta na bendi nyembamba inayopita nyuma ya masikio, ndani ya kunja la kitambaa. Felti inakamata kitambaa, haitelezi. Kwa nywele fupi tumia lastiki nyembamba ya rangi ya nywele, ipite chini ya kisogo, si chini ya kidevu. Cha muhimu ni pambo liwe na mizani: sehemu nzito ikae karibu na kichwa, na kile kirefu kinachopanda kiwe chembamba kadiri kinavyokwenda juu.

Nakasero_Mitindo #17

Dada sasa tuje kwenye bei. Ulimwambia mteja wangu laki tatu kwa lile pambo la maua ya dhahabu. Fasineta ya duka letu ni elfu themanini. Nitamweleza nini?

BintiBombo #18

Mweleze ukweli. Kazi ile ilinichukua siku nzima ya maji na siku nyingine ya sindano. Maua yale hayakubandikwa. Nimeyapachika kwa sindano zenye vijino, ambazo kila zikizama zinabeba nyuzi za juu kuzipeleka ndani. Nilianza na namba 36 kwa umbo, nikaenda 38, nikamalizia na 40 ili tundu zisionekane. Rangi ya dhahabu ni maganda ya vitunguu na shabu, niliichemsha mwenyewe. Hakuna la pili linalofanana nalo Uganda nzima.

Nakuomba tena usiliite fasineta mbele ya mteja na kuliweka kwenye rafu ileile. Liweke peke yake, juu ya kichwa cha mbao, na jina la fundi na mwaka. Mtu akiona kazi imewekwa kama sanaa anauliza maswali ya sanaa. Mwaka 2022 Uganda ilipopata banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa pale Venice, Italia, msanii Acaye Kerunen alipeleka nyuzi za asili zilizosukwa na mikono ya akina mama wa hapahapa, pamoja na michoro ya Collin Sekajugo, na banda likatajwa kwa heshima na majaji. Malighafi ileile tunayokanyaga nyumbani! Msanii aitwaye Sanaa Gateja naye ametumia shanga za karatasi juu ya olubugo kwa miaka mingi na hakuna anayemuuliza kwa nini si elfu themanini.

Mteja fulani wa arusi aliwahi kunilipa nusu, akavaa, akarudisha kazi ikiwa na madoa ya jasho na poda akidai nusu yake. Tangu hapo nalipwa yote kabla pambo halijatoka mlangoni. Wenzangu, fanyeni hivyo.

Nakasero_Mitindo #19

Sawa. Niletee tatu, nitaziweka dirishani peke yake bila kitu kingine. Tuone.

Kijana_Arua #20

Nimesoma mahali kwamba kofia za felti zina sumu ya zebaki. Ni kweli? Mama amenikataza.

BintiBombo #21

Mwambie mama asiogope, ila hakukosea kuuliza. Zebaki ilitumika Ulaya na Marekani kwenye kofia za manyoya ya wanyama kama sungura, kwa sababu manyoya hayo hayashikani kwa urahisi mpaka yatibiwe kwanza. Mafundi waliivuta puani wakatetemeka mikono na kuchanganyikiwa akili, na Marekani iliiacha kwenye kofia mwaka 1941. Sufu ya kondoo haihitaji dawa hiyo. Ni maji, sabuni na mikono.

Cha kuogopa ni nondo, yule kipepeo mdogo wa kabatini. Mabuu yake ndiyo yanayokula sufu, na hapa kwetu joto linayafurahisha mwaka mzima. Usihifadhi kazi ikiwa na jasho au chakula, maana hapo ndipo anapotagia. Ianike, ipige vumbi, ifunge kwenye mfuko safi na majani makavu ya mwarobaini. Ukishuku imeshaingiliwa, iweke kwenye friza, imefungwa, wiki mbili kamili au zaidi.

Na mvua: felti inalowa lakini haiharibiki. Usiipeleke kwenye jiko ikauke. Iweke kwenye kalibu, iache kivulini. Ila kama uliigumisha kwa wanga wa muhogo italegea ikilowa, na wadudu wanaupenda. Kwa kazi ya kukaa miaka tumia shelaki (vanishi ya asili inayotokana na wadudu), mipako miwili ya upande wa ndani.

Jjajja_Masaka #22

Binti, nimezungumza na fundi wa mbugo hapa kijijini. Amenionyesha vipande vya pembeni, vyembamba, ambavyo huwa havifai kwa nguo. Anauliza kama sufu inaweza kupita ndani yake, au inabidi kushona.

BintiBombo #23

Jjajja, asante sana kwa kumfikia. Vipande vyembamba ndivyo hasa ninavyovitafuta. Olubugo mnene sufu haipiti, inakaa juu na kubanduka. Mwembamba, wenye sehemu zilizochanika kidogo, sufu inapenya kwenye matundu na kutokea upande wa pili, na ikipungua inaukunja olubugo mikunjo ambayo huwezi kuipanga kwa mkono. Penye ukaidi napita na sindano. Mwambie asivikate viwe sawa, mipasuko aiache kama ilivyo, na asivipake chochote. Nitavinunua kwa uzito, na kila kazi itakayotoka nitaandika kijiji chake na ukoo wake, akiridhia.

Vipande hivi sitavitumia kwa mapambo ya arusi. Hilo nakuahidi.

Jjajja_Masaka #24

Ameridhia. Anasema uje mwenyewe kabla mvua hazijaisha, maana gome zuri ni la sasa.

Kijana_Arua #25

Nimechemsha sweta mbili. Moja imekuwa felti kabisa, nyingine imekataa ingawa lebo inasema sufu. Na nikiwatumia kazi Kampala kwa basi nifungeje isibonyee?

BintiBombo #26

Iliyokataa ni ile iliyotiwa dawa, ifanye kitambaa cha ndani cha mikoba yako. Ile iliyokuwa felti ikate umbo la jani, loanisha, pinda juu ya chupa, funga kwa uzi, iache ikauke, halafu nitumie picha hapa.

Kwa basi, jaza ndani ya pambo magazeti yaliyokunjwa laini, lishone kwa nyuzi mbili kwenye sakafu ya ndani ya boksi gumu ili lisitembee, wala usiweke kitu juu yake. Andika "USIBONYEZE" pande zote nne, na umkabidhi kondakta mkononi, lisiingie buti. Likifika limejikunja kidogo usijali, mvuke wa birika unatosha kulirudisha.